Daftari Limenenepa, Kura Je?

Katika toleo lililopita niliandika, kwa kujiamini kuliko ilivyostahili, kwamba uandikishaji wa wapiga kura katika Kaunti ya Lamu umedorora. Barua zilizonifikia tangu siku hiyo ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, na baadhi yake ni kali. Nimechagua zile zinazogusa jambo moja, nalo ni hili: idadi ya majina yaliyoandikwa, yawe ya wapiga kura au ya wanachama wa vyama, inatueleza nini, na ni wapi tunailazimisha kusema yasiyokuwamo. Naanza na barua inayonikosoa.

Swali. Assalam aleikum. Mwandishi wetu, ulichukua idadi ya walioandikishwa katika miezi ya karibuni, ambayo haina vishindo vya uchaguzi, ukailinganisha na idadi ya walioandikishwa wakati tume ya uchaguzi ilipokuwa ikizunguka na mashine za kuandikisha vijijini. Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba bamvua, bahari ijaapo sana, hulinganishwa na bamvua, na maji mafu, ijaapo kidogo, na maji mafu. Ukiona maji hayakufika ukutani siku ya maji mafu, ukatangaza kwamba bahari inakauka, utachekwa na wavuvi. Je, uko tayari kujirekebisha? — *Mwalimu mstaafu, Faza*

Jibu. Wa aleikum salaam, Mwalimu. Niko tayari, na mfano wako nauchukua wala siurudishi.

Uandikishaji nchini Kenya huenda kwa mawimbi. Liko wimbi la siku thelathini lililoanza tarehe 19 Novemba 2012, sajili ya kielektroniki ilipoanzishwa upya kabisa; liko la Januari hadi Februari 2017; na yako mawili ya Oktoba 2021 na Januari 2022. Katika vipindi hivyo mashine humfuata mtu alipo. Nje ya vipindi hivyo mtu ndiye anayeifuata mashine katika ofisi ya tume ya eneo bunge lake, jambo ambalo kwa mkaazi wa Kiunga lina maana ya nauli ya boti na siku nzima bila ya kazi. Ukiongeza kwamba Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilikaa bila makamishna tangu mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025, na kwamba uandikishaji wa kawaida ulirejea mwishoni mwa Septemba mwaka huo huo, utaona kwamba nilichokiita kudorora kwa raia kilikuwa, kwa sehemu kubwa, ni kufungwa kwa mlango.

Kwa hivyo naifuta kauli yangu. Anayetaka kujua kama Lamu imeamka au imelala na alinganishe miezi inayotangulia uchaguzi wa Agosti 2027 na miezi kama hiyo kabla ya Agosti 2022, na hata hapo aulize kwanza mashine zilikuwa ngapi na zilikaa siku ngapi katika kila kijiji.

Swali. Mhariri, mpwa wangu anaishi Philadelphia, na mara kwa mara hututumia takwimu za jimbo lake la Pennsylvania zinazoonyesha kwamba walioandikishwa kama wafuasi wa chama cha Republican wanaongezeka na wale wa Democratic wanapungua. Barazani hapa Mkunguni tumegawanyika. Wengine wanasema matokeo yameshajulikana kabla ya kura, wengine wanasema ni hesabu za kupumbaza watu. Kwanza, inakuwaje serikali ikamwandika mtu kwa chama chake? Pili, mbona tume yetu haitupi takwimu kama hizo? — *Msomaji wa Langoni, Lamu*

Jibu. Nianze na swali la pili, maana jibu lake ni fupi. Fomu ya kujiandikisha kuwa mpiga kura hapa Kenya haimuulizi mtu chama chake. Tume ina daftari lake la wapiga kura. Vyama navyo vina orodha za wanachama, ambazo husimamiwa na Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa chini ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011. Haya ni madaftari mawili yenye milango miwili, na jina kuwamo katika moja hakuliingizi katika la pili. Ukimsikia mwanasiasa akisema kwamba chama chake kina wapiga kura milioni kadhaa, mara nyingi amechukua idadi ya watu wote walioandikishwa katika kaunti zilizompa ushindi mara iliyopita akawageuza wote kuwa wake, pamoja na waliompinga, waliolala nyumbani na waliokufa.

Marekani mambo ni tofauti, na hata huko si kote. Majimbo kama 30 pamoja na mji mkuu wa Washington humuuliza mpiga kura anayejiandikisha achague chama au aandikwe kuwa hana chama. Texas, Georgia na Michigan hazina utaratibu huo, na North Dakota haina kabisa uandikishaji wa wapiga kura. Sababu ya kuuliza ni kura ya mchujo, ambayo kwayo chama huteua wagombea wake. Kule mchujo wa vyama husimamiwa na jimbo, na katika majimbo yenye mchujo uliofungwa, kama vile Pennsylvania, Florida na New York, anayepiga kura katika mchujo wa chama ni yule tu aliyeandikwa chini ya chama hicho. Jambo hili msiliache likapita barazani bila kulijadili, kwa sababu ndani yake mna nusu ya majibu yenu. Mtu anaweza kuandikwa chini ya chama kwa kukipenda, na pia kwa kuwa ndicho chenye mchujo wenye uzito mahali anapoishi. Mwaka 2008, Barack Obama na Hillary Clinton walipokuwa wakishindana vikali, watu wengi wa Pennsylvania walihamia Democratic ili wapate kupiga kura katika mchujo wa Aprili. Daftari la chama hicho likavimba, na uvimbe mwingine haukuwa na haja ya kudumu.

Sasa tazameni mwendo wenyewe. Mnamo Novemba 2008 Democratic walikuwa mbele ya Republican katika daftari la Pennsylvania kwa zaidi ya watu milioni 1.2. Mwaka 2016 pengo lilikuwa limeshuka hadi karibu 900,000. Mwaka 2020 likawa chini ya 700,000. Na mwaka 2024 likawa chini ya 300,000. Yeyote aliyesoma kimo cha pengo peke yake angeapa mwaka 2016 kwamba chama chenye ziada ya watu laki tisa hakiwezi kushindwa, kumbe Donald Trump alilichukua jimbo hilo kwa kura kama 44,000. Aliyesoma kushuka kwa pengo peke yake naye angeapa mwaka 2020 kwamba mambo ya Democratic yamekwisha, na Joe Biden akashinda pale kwa kura kama 80,000. Mwaka 2024 Trump akalirudisha kwa takriban kura 120,000, ilhali katika daftari bado chama chake kilikuwa nyuma.

Kwa hivyo pande zote mbili za baraza lenu zina ukweli kidogo. Kimo cha pengo ni kumbukumbu ya zamani. Mabadiliko ya pengo ni habari, ila ni habari inayochelewa, kwa sababu mtu hubadili kura yake kwanza, na jina la chama kwenye fomu hulibadili baada ya miaka, au halibadili kabisa mpaka anazikwa. Sisi tunawajua watu waliohama Pate wakakaa Malindi miaka ishirini, wakajenga, wakaozesha, na bado mmoja wao akiulizwa kwao ni wapi atajibu Pate. Kentucky ni mfano unaopita wote: Democratic waliongoza katika daftari la jimbo hilo hadi Julai 2022, ingawa mgombea wa urais wa chama hicho hakushinda pale tangu Bill Clinton mwaka 1996. Na kana kwamba ni kuwacheka wachambuzi, Novemba 2023, mwaka mmoja na miezi baada ya Republican kupita mbele katika daftari, Andy Beshear wa Democratic alichaguliwa tena kuwa gavana.

Lipo jambo jingine ambalo mpwa wako huenda halitaji. Pengo hupungua kwa njia zaidi ya moja: wapya wanaoandikwa kwa mara ya kwanza, waliohama chama kimoja kwenda kingine, na majina yanayofutwa kwa sababu mwenyewe amekufa au amehama jimbo. Mkimwambia atume takwimu za kila mkondo peke yake, mjadala wenu utakuwa na chumvi zaidi. Chama ambacho wazee wake wanakufa wengi kuliko vijana wanaojiunga nacho kitapungua hata kama hakuna mtu mmoja aliyekikimbia. Tena wanaotoka si lazima waende kwa mpinzani. Huko North Carolina, tangu mwaka 2022, kundi kubwa kuliko yote katika daftari ni la watu wasio na chama.

Hata hao wasio na chama msiharakishe kuwaita watu waliochoshwa na siasa. Oregon ilianza mwaka 2016 kuwaandika watu moja kwa moja wanaposhughulikia leseni za udereva, na anayeandikwa hivyo hutumiwa kadi ya kuchagua chama. Asipoirudisha, huwekwa miongoni mwa wasio na chama. Kundi hilo likaongezeka kwa kasi, na wachambuzi wakaandika kurasa juu ya kizazi kilichovikataa vyama, wakati sehemu nzuri ya kizazi hicho ilikuwa imeiacha kadi mezani tu. California nako kuna chama kidogo kiitwacho American Independent. Mwaka 2016 gazeti la Los Angeles Times lilichunguza likagundua kwamba watu wengi walioandikwa chini ya chama hicho walidhani wanajiandika kuwa watu huru wasio na chama. Naam, neno moja katika fomu liliweza kujaza daftari la chama kizima.

Ukiniuliza mimi, takwimu za mpwa wako ni za kweli na zinafaa kusomwa, kwa sharti kwamba kila nambari iulizwe ni kanuni gani iliyoiingiza daftarini. Mfano wa mwendo wa daftari na mwendo wa kura kwenda pamoja upo pia, nao ni Florida, ambako Republican walipita mbele mwaka 2021, na kufikia 2024 walikuwa wameongoza kwa zaidi ya watu milioni moja, na kura nazo zikafuata. Lakini hata hapo, takwimu zinazotangazwa Florida huhesabu walio katika orodha hai peke yao. Mtu akiwekwa katika orodha ya wasiojitokeza, chama chake kinaonekana kimepungua siku hiyo hiyo, na yeye mwenyewe yupo na kura yake anayo.

Swali. Mimi ni kijana wa bodaboda. Nimesoma kwamba wapiga kura wa Kaunti ya Kilifi walikuwa 336,132 mwaka 2013, wakawa 508,068 mwaka 2017, na 588,602 mwaka 2022. Wenzangu stejini wanasema ongezeko hili ni la chama fulani na kwamba 2027 hakuna haja ya kampeni. Wewe unasemaje? — *Kijana wa Barani, Malindi*

Jibu. Mwanangu, takwimu zako ni sahihi, na nimefurahi kwamba umezileta tatu badala ya mbili, kwa sababu nambari mbili hazitoshi kuonyesha mwendo.

Kati ya 2013 na 2017 Kilifi iliongezeka kwa asilimia 51, ilhali nchi nzima ilitoka milioni 14.4 kwenda milioni 19.6, ambayo ni kama asilimia 36. Kati ya 2017 na 2022 Kilifi iliongezeka kwa asilimia 16, na nchi, iliyofika milioni 22.1, kwa asilimia 13 hivi. Ukitazama haraka utasema ari imekufa, kutoka asilimia 51 hadi 16. Lakini kumbuka mwanzo wenyewe ulikuwaje. Sajili ya 2013 ilianzishwa upya kwa siku thelathini tu, katika wakati ambapo Baraza la Mombasa Republican, kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, lilikuwa likiwahimiza watu wa Pwani wasusie uchaguzi, na kauli ya “Pwani si Kenya” ilikuwa imeandikwa kutani. Idadi ya kwanza ilikuwa chini kuliko haki yake, kwa hivyo ile ya pili ikaonekana kubwa mno: sehemu yake ni watu wapya, na sehemu nyingine ni watu wazima waliokosekana mara ya kwanza. Ile asilimia 16 huenda iko karibu zaidi na mwendo wa kawaida wa kaunti kuliko ile 51.

Ama kuhusu chama, nimeshamwambia msomaji wa Langoni kwamba daftari letu halina safu ya chama, na wenzako stejini wanasoma kisichoandikwa. Liko pia jambo la kujitokeza. Nchini kote, waliopiga kura mwaka 2013 walikuwa karibu asilimia 86 ya walioandikishwa. Mwaka 2022 walishuka hadi karibu 65, na Pwani ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizojitokeza kwa uchache zaidi. Daftari linanenepa na foleni inapungua. Atakayeshinda Kilifi mwaka 2027 ni yule atakayewafikisha kituoni hao 588,602 na watakaoongezeka, na kwa kazi hiyo bodaboda zenu zitahitajika sana, kwa hivyo usikubali maneno ya kwamba kampeni haina haja.

Swali. Mimi nauza viazi karai na bajia. Mwanangu aliniangalilia katika eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, tukakuta nimeandikwa mwanachama wa chama ambacho sijawahi kukanyaga ofisi yake. Nambari ya kitambulisho ni yangu kweli. Je, kura yangu imeshahesabiwa kwa chama hicho? Na nikitaka kutoka nifanyeje? — *Mama wa Shella, Malindi*

Jibu. Pole, mama, na usiwe na hofu juu ya kura. Kura ni siri, hupigwa siku yake, na orodha ya chama haiingii katika kisanduku. Hata ukibaki katika orodha hiyo, utampigia umtakaye.

Hauko peke yako. Mwaka 2021, Msajili wa Vyama alipowawezesha raia kuangalia uanachama wao kupitia eCitizen, Wakenya wengi mno waligundua kwamba wameandikwa bila ya habari yao, na zikazuka kelele nchi nzima. Jina la mwandishi huyu nalo lilikutwa mahali ambapo hakulipeleka. Nilipokaa nikafikiri, nikakumbuka ni mara ngapi mtu huacha nambari ya kitambulisho chake katika kitabu cha mlinzi getini au katika karatasi ya mahudhurio ya mkutano wa mtaa.

Kutoka kunawezekana. Katika ukurasa ule ule wa Msajili ulipoliona jina lako pana njia ya kujiuzulu, na asiyeweza mtandao anaweza kukiandikia chama barua na kumpelekea Msajili nakala. Hifadhi uthibitisho wowote utakaopewa. Wewe unaweza kuona ni usumbufu wa bure, lakini kwa wengine jambo hili ni zito: Katiba, kifungu cha 85, inamtaka mgombea huru awe hakuwa mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kijana anayeota kugombea uwakilishi wadi bila chama anaweza kuzuiwa na jina aliloandikiwa na mtu asiyemjua.

Na kwa wasomaji wengine wanaofuatilia takwimu, barua ya mama huyu ndiyo inayoeleza kwa nini mimi siandiki kamwe kwamba chama fulani “kina wafuasi” idadi fulani. Sheria inakitaka chama kinachotafuta usajili kamili kiwe na wanachama wasiopungua elfu moja, ambao ni wapiga kura, katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Hilo ni sharti jema, kwani lilikusudiwa kuzuia vyama vya kabila moja na vyama vya mfukoni. Lakini sharti la idadi huzaa watafutaji wa idadi, na wakala anayelipwa kwa kila jina halipwi kwa kumuuliza mwenye jina.

Swali. Mimi ni katibu wa tawi la chama. Mwaka uliopita kitabu chetu cha wanachama kiliongezeka ghafla, karibu mara mbili, na viongozi wa juu wanatupongeza. Mimi nafsi yangu haikutulia. Nisome vipi ongezeko hili? — *Katibu, Lamu Magharibi*

Jibu. Nafsi yako ina akili, katibu. Kabla ya kupokea pongezi, angalia tarehe za kuingia kwa majina hayo. Majina yakiwa yametawanyika mwaka mzima, huenda watu wamekuja kweli. Yakiwa yameingia mamia kwa siku moja, kuna sababu moja ya siku hiyo, na ni wajibu wako kuijua: labda mchujo umekaribia na mwaniaji anaingiza watu wake, labda orodha imenakiliwa kutoka kwingine, au labda vyama vimeungana.

Hili la kuungana tunalijua Lamu kuliko wengi. Issa Timamy alichaguliwa gavana mwaka 2013 kwa tikiti ya UDF. Mwaka 2017 akashindwa na Fahim Twaha wa Jubilee. Mwaka 2022 akarudi kwa tikiti ya ANC. Na mapema mwaka 2025 ANC ikaingia ndani ya UDA. Sheria ya vyama inawahesabu wanachama wa vyama vinavyoungana kuwa wanachama wa chama kinachobaki. Kwa hivyo mtu wa Mokowe aliyekuwa ANC aliweza kulala na chama kimoja akaamka na kingine, naye hakutia saini popote, wala pengine hakuulizwa. Katika jedwali la mchambuzi wa Nairobi, hapo chama kimoja kimeporomoka hadi sufuri na kingine kimepaa. Katika vijiji vyetu hapakutokea lolote, na wengi waliompigia Timamy kura mara zote hizo walimpigia yeye kwa jina lake na ukoo wake, na chama walikisoma siku ile ile kwenye karatasi ya kura.

Nakushauri uwapigie simu watu hamsini uliowachagua bila upendeleo katika kitabu chako, uwaulize kama wanajua kwamba wamo. Idadi ya watakaosema ndiyo ndiyo unayoweza kuipelekea makao makuu bila aibu.

Swali. Nikipanga kasha la marehemu baba nimekuta kadi yake ya KANU yenye stempu za mwaka 1988. Amefariki mwaka 2019. Je, bado anahesabiwa mwanachama? — *Msomaji wa Mtaa wa Mkomani, Lamu*

Jibu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kadi hiyo ina historia nzito. Tangu 1982 hadi Desemba 1991 Kenya ilikuwa kisheria nchi ya chama kimoja, na katika mchujo wa mlolongo wa 1988, watu walipopiga foleni nyuma ya picha za wagombea, asiyekuwa na kadi ya KANU hakuwa na foleni ya kusimama. Mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika foleni hiyo alihesabiwa amepita bila kupingwa, pasipo kura ya siri kufuata. Wazee husimulia kwamba kadi iliwahi kudaiwa hata sokoni na katika vyombo vya usafiri. Basi utaelewa kwa nini wanachama wa KANU walikuwa wengi mno wakati huo, na kwa nini wingi huo uliyeyuka vyama vingine viliporuhusiwa. Huenda baba yako alikipenda chama, na huenda alitaka tu kuuza samaki wake bila bughudha. Kadi haiwezi kutujulisha ni lipi kati ya hayo.

Hapana, kwa kadi hiyo hahesabiwi, kwa sababu sheria ya 2011 ilivitaka vyama vijisajili upya na kuwasilisha orodha mpya. Ninaloliogopa ni daftari la wapiga kura. Ukaguzi uliofanywa na kampuni ya KPMG kabla ya uchaguzi wa 2022 ulikuta majina ya marehemu takriban 246,000, na hao ni wale tu ambao vifo vyao viliweza kuoanishwa na kumbukumbu za serikali. Kisiwani kwetu watu huzikwa siku ile ile, na wengi hawasajiliwi kamwe kuwa wamekufa, hivyo jina hubaki, na kila asiyefika kituoni kwa kuwa yuko kaburini huandikwa miongoni mwa waliopuuza kura. Ikiwa cheti cha kifo cha baba hakijatolewa, anzia kwa chifu na ofisi ya usajili wa vifo. Kikiwa kipo, chukua nakala yake pamoja na nambari ya kitambulisho chake uipeleke ofisi ya tume ya eneo bunge, uombe jina lake liondolewe. Kadi ya KANU usiipeleke popote, irudishe kashani.